Safari ya Watoto au Safari ya Picha?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zako za Kiswahili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wasomaji wengine huenda wakaliona dogo, nalo ni kuwapeleka watoto wachanga kwa mara ya kwanza katika zile bustani kubwa za michezo zilizoko ng'ambo. Nijuavyo mimi, jambo hili si dogo. Lina fedha ndani yake, lina machozi, na kwa upande wangu limekuwa na aibu pia.

Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule yetu. Sasa nakaa Atlanta, katika jimbo la Georgia, Marekani, na kazi yangu ni uuguzi, aghalabu zamu ya usiku. Mwezi wa Julai mwaka jana, mke wangu na mimi tuliwapeleka watoto wetu Florida kwa siku tatu. Wakati huo binti yetu alikuwa na miaka mitatu na nusu, na mdogo wake alikuwa na miezi kumi na minne. Nilipeleka picha moja nyumbani kwa simu: sisi wanne mbele ya ngome, tumevaa kofia zenye masikio ya panya, tunacheka. Kesho yake nikapata ujumbe kutoka kwa mpwa wangu, ambaye ni mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule hii hii. Aliandika kwa adabu kama alivyofundishwa: "Shikamoo Mjomba. Picha ni nzuri sana. Mhasibu ameniuliza tena habari za karo. Nimjibuje?"

Siku ile sikuwa na jibu. Nimemwomba ruhusa nijibu leo mbele ya wasomaji wote, maana nadhani hayuko peke yake, wala mimi siko peke yangu.

Yafaa kwanza niwaeleze wanafunzi mahali penyewe, nisije nikadhaniwa nasema habari za kiwanja chenye pembea mbili tatu. Walt Disney, yule mtengenezaji wa filamu za katuni, alikuwa na mabinti wawili. Siku za mapumziko alikuwa akiwapeleka katika bustani ya Griffith Park, mjini Los Angeles, wapande farasi wa mbao wanaozunguka, naye akiketi benchini akiwangoja. Akaona ni ajabu kwamba hapakuwa na mahali ambapo mzazi na mtoto wangeweza kufurahi pamoja. Siku zote mmoja alicheza na mwingine alingoja. Fikira hiyo ndiyo iliyozaa Disneyland, iliyofunguliwa California tarehe 17 Julai 1955. Kiingilio cha mtu mzima kilikuwa dola 1, na michezo ililipiwa mbali. Disney alifariki mwezi wa Desemba 1966, na kaka yake Roy akaimaliza kazi ya mahali pa pili, huko Florida, palipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Hiyo ndiyo Walt Disney World. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 100, na ndani yake mna bustani nne, kila moja na lango lake: Magic Kingdom ya mwaka 1971, EPCOT ya mwaka 1982, ile ya mambo ya filamu ya mwaka 1989, na Animal Kingdom ya mwaka 1998. Mtu hawezi kuziona zote kwa siku moja hata akikimbia, na mwenye watoto wachanga hakimbii.

Siku hizi tiketi ya siku moja ya mtu mzima huzidi dola 100, na bei hupanda au kushuka kwa tarehe. Mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu huingia bure. Wa miaka mitatu hadi tisa hulipa bei ya mtoto, ambayo imepungua kidogo tu, na akifika miaka kumi huhesabiwa mtu mzima. Juu ya tiketi kuna malazi, chakula, petroli na mahali pa kuegesha gari. Kwa hiyo mtu asiseme, "Nakwenda kuwatembeza watoto," kana kwamba anakwenda sokoni na kurudi. Hiyo ni safari, na safari hutaka maandalizi.

Sasa, juu ya safari hii watu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lasema ni anasa tupu. Mama yangu yumo katika kundi hilo. Aliniuliza kwa simu, "Mtoto ambaye bado ananyonya ataona nini huko asichokiona uani kwenu?" Kundi la pili lasema mtoto asiyepelekwa ameonewa. Hao niko nao kazini, kila mara hutuuliza, "Mmekwisha kuwapeleka?" kama vile wanauliza habari za chanjo. Nimepata kuwa katika makundi yote mawili, na naona kila moja limeshika upande mmoja wa kweli.

Wanaosema mtoto hatakumbuka wana haki. Wataalamu wa mambo ya akili wasema kwamba watu wengi hawakumbuki yaliyowapata kabla ya umri wa miaka mitatu hivi. Mwanangu wa miezi kumi na minne hatakumbuka hata siku moja kwamba alifika Florida. Lakini kama kila asichokikumbuka mtoto kingekuwa bure, basi tusingemwimbia wala kumbeba mgongoni. Mtoto hufurahi leo, na furaha ya leo ni chakula chake cha leo. Kwa hiyo hoja ya kusahau hainizuii. Kinachonizuia ni swali jingine: je, ni yeye anayefurahi, au ni mimi ninayefurahi kwa jina lake? Hapo ndipo wengi wetu tunapojidanganya, na mimi nilijidanganya sana. Nitasimulia kosa langu bila kumsingizia mtu.

Nilichagua mwezi wa Julai kwa sababu ndipo nilipopata likizo. Sikuuliza habari za hali ya hewa. Julai ya Florida ni jua kali na unyevu tangu asubuhi, na alasiri mara nyingi hushuka mvua yenye radi ambayo husimamisha michezo ya nje. Nami nilikuwa nimeandika ratiba ya michezo kumi na minane, kila mmoja na saa yake, kama ratiba ya treni. Tuliondoka Atlanta usiku ili watoto walale garini, mwendo wa kilomita 700 hivi. Watoto walilala, sisi wakubwa hatukulala. Asubuhi tukaingia Magic Kingdom tukiwa na macho mekundu.

Mchezo wa kwanza katika ratiba yangu ulikuwa gari la reli la mgodi wa wale mbilikimo saba. Hilo lataka mpandaji awe na urefu wa sentimita 97. Kijana wa mlangoni alimsimamisha binti yangu kando ya kipimo kwa upole kabisa. Alipungua sentimita mbili. Tulipokuwa tukitoka kwenye foleni, binti yangu alinishika suruali akaniuliza, "Baba, nimefanya nini?" Alidhani amefukuzwa kwa utundu. Bwana Mhariri, urefu huo umeandikwa wazi katika maelezo yao, na nyumbani kwetu tuna ukuta na penseli. Ningempima siku moja kabla, asingelia.

Yaliyofuata yalikuwa ya namna hiyo hiyo. Alipomwona yule panya mwenyewe, mwenye kichwa kikubwa kama ngoma, alijificha nyuma ya mama yake. Nami nilimsukuma mbele kwa ajili ya picha. Ilipofika saa saba mchana tulikuwa tumepanda michezo minne, na mwana alikuwa hajalala usingizi wake wa mchana. Mke wangu akasema turudi tulipopanga. Mimi nikasema, "Tumekwisha lipa." Maneno hayo mawili ndiyo yaliyoiharibu siku nzima. Tukakaa mpaka usiku ili tuone fataki. Zilipoanza, binti yangu alikuwa amelala begani kwangu hasikii lolote, na mdogo wake aligutuka kwa mshindo wa kwanza akalia mpaka wa mwisho. Maelfu ya watu walitazama juu, na mimi nilitazama chini nikitafuta chupa ya maziwa. Na ile picha niliyoipeleka nyumbani, ambayo wote tunacheka, ilikuwa ya kumi na moja. Katika zile kumi za kwanza binti yangu alikuwa analia.

Kesho yake asubuhi nilimwuliza ni kitu gani kilichompendeza zaidi. Hakutaja ngome wala tembo wanaoruka. Alisema, "Meli." Maana ili kufika Magic Kingdom kutoka mahali pa kuegesha magari, watu huvuka ziwa dogo kwa kivuko, au hulizunguka kwa treni ya reli moja. Sisi tulivuka kwa kivuko. Alisimama kwenye kizuizi, upepo ukampiga usoni, akawapungia mkono watu asiowajua. Kivuko kile hakina nauli. Tena mimi nimezaliwa karibu na ziwa kubwa kuliko lile mara nyingi mno, nami nikiwa mtoto nilisimama vivyo hivyo.

Basi, kwa wale wanafunzi wa zamani walioko huku na wanaofikiri kwenda, na kwa wanafunzi ambao siku moja watakuwa wazazi, haya ndiyo maoni yangu.

Kwanza, hakuna haraka. Kama wawezaje kungoja, ngoja mpaka mtoto wa kwanza apate miaka minne au mitano, aweze kutembea, kusema anachotaka, na kusema anachokiogopa. Wako wanaoharakisha kabla ya mwaka wa tatu ili mtoto aingie bure. Hiyo ni hesabu ya mlangoni tu. Mtoto aliyeingia bure hukulazimisha wewe uliyelipa kukaa kivulini nusu ya siku, na hivyo tiketi iliyopotea ni yako.

Pili, chagua tarehe kwa kumfikiria mtoto. Krismasi, Pasaka na likizo ya shule za Marekani huleta umati mkubwa na bei kubwa. Tena majira ya tufani huko huanza tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba. Mwenye watoto ambao hawajaanza shule ana bahati ambayo wengine hawana, maana aweza kwenda wakati wenzao wako darasani na hewa ni ya baridi kidogo. Bahati hiyo niliitupa.

Tatu, mpime mtoto nyumbani, tena amevaa viatu atakavyovaa siku hiyo. Baadhi ya yale magari ya reli ya kupanda na kushuka kwa kasi hutaka sentimita 97, na mengine 112. Mtoto wa miaka mitatu asisikie kabisa habari za mchezo asioweza kuupanda. Michezo isiyo na kipimo ni mingi: tembo wanaoruka, farasi wa kuzunguka, mashua inayopita kati ya wanasesere waimbao. Wazazi wanaotaka gari la kasi waweza kupokezana. Mmoja hupanda na mwingine hukaa na watoto, kisha huyu wa pili huingia bila kupanga foleni upya. Utaratibu huo upo, ila lazima mtu auombe kwa watumishi wa mlangoni.

Nne, ratiba iwe ya usingizi na chakula. Michezo iingie katika nafasi zitakazobaki. Ingia asubuhi na mapema, ondoka saa sita, watoto walale, na kama wana nguvu rudi jioni. Michezo mitatu au minne kwa siku yatosha. Chakula chaweza kuchukuliwa kutoka nyumbani. Hawakatazi, mradi usiingize pombe wala vyombo vya kioo. Kigari cha mtoto ni lazima, hata kwa mtoto anayejua kutembea, lakini kisizidi upana wa sentimita 79 na urefu wa sentimita 132, la sivyo kitakataliwa langoni. Katika kila bustani pana nyumba ya kunyonyeshea na kubadilishia nepi, yenye viti na kivuli. Mama ajue ilipo kabla ya kujua ngome ilipo.

Tano, jihadhari na kupotea. Kila asubuhi mpige mtoto picha moja akiwa amevaa nguo za siku hiyo, maana mzazi mwenye hofu husahau hata rangi ya shati. Namba ya simu iandikwe mkononi mwake. Hii ndiyo picha moja ninayoiona ina faida.

Sita, usimlazimishe. Mtoto akiogopa giza, au mshindo, au mtu aliyevaa kichwa cha mnyama, basi ameogopa. Fedha uliyolipa haimpunguzii hofu. Wazee wetu husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na mtoto anayesukumwa kwenye kitu anachokiogopa, ili baba apate picha, anafundishwa kwamba hofu yake si kitu. Sitaki binti yangu ajifunze hivyo kwangu.

Wanafunzi wasidhani kwamba mashauri haya ni ya Florida tu. Yeyote kati yenu anayetumwa wakati wa likizo kuwapeleka wadogo zake kuona wanyama Entebbe anafanya safari ya namna hiyo hiyo. Akiwapeleka baada ya kula, akawaonyesha simba na sokwe, akawaacha wacheze kando ya ziwa na kuwarudisha kabla hawajachoka, amefanya kazi ya mtu mzima. Akiwaburuta kutoka kibanda hadi kibanda ili kila mnyama ahesabiwe, amefanya kama mimi.

Sasa nataka kusema jambo la siku ya tatu. Siku hiyo tulikwenda Animal Kingdom, ambako pana sehemu iitwayo Africa. Ndani yake wamejenga mji wa kubuni wa Afrika ya Mashariki, nao umeitwa Harambe. Kuta zimefanywa zionekane kuukuu kama za miji ya pwani, na mafundi wa Kizulu kutoka Afrika Kusini waliletwa kuezeka mapaa ya nyasi. Juu ya milango mna maneno ya Kiswahili. Mahali pa kuuza vitu vitamu pameitwa Tamu Tamu, na baa imeitwa Dawa. Kutoka hapo watu hupanda lori kwenda kuona twiga, vifaru, simba na tembo walio hai, katika uwanja wa ekari 110 hivi, na safari hiyo imepewa jina la Kilimanjaro. Lazima niseme kweli: kazi ni nzuri, na wanyama wanatunzwa. Nilisimama nikamsomea binti yangu yale maneno ya Kiswahili. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kuona lugha ninayoongea na shangazi zake kwenye simu imeandikwa ukutani. Akanitazama kwa heshima kubwa, kana kwamba nimefichua siri. Kisha akauliza, "Baba, hapa ndipo kwenu? Bibi yuko wapi?"

Nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Kwetu ni mbali."

Akageuka akaanza kumtafuta. Akamtazama kila mama mtu mzima aliyepita, na kila mara akaniuliza, "Ni huyu?" Mama yangu hajapata kumshika mtoto huyo mkononi. Wamejuana kwa simu tu, uso kwa uso katika kioo kidogo.

Sisemi kwamba Harambe ni ubaya. Waliojenga mji ule walikuwa na kazi yao, nao wameifanya. Kosa lilikuwa katika mpango wangu: nilimwonyesha mtoto mfano wa kitu kabla ya kumwonyesha kitu chenyewe. Nauli ya kuja Uganda ni kubwa kuliko gharama ya siku tatu za Florida, nakubali. Lakini kwa miaka mitatu nilikuwa nikisema nauli haipatikani, na fedha za Florida zikapatikana kwa juma moja, kwa kadi ya mkopo. Mtu hupata fedha za kile alichokiweka mbele.

Narudi kwa mpwa wangu na swali lake. Wanafunzi, nisikilizeni vizuri hapa, maana wengi wenu mna wajomba na shangazi ng'ambo, nanyi huona picha zao. Picha ile ya masikio ya panya haikusema kwamba tiketi zililipwa kwa mkopo, wala kwamba deni lile lilinichukua miezi mitano ya zamu za ziada kulimaliza. Kwa hiyo msidhani kila anayecheka pichani ana fedha zisizokwisha. Hiyo ni kweli moja.

Lakini kweli ya pili ni nzito zaidi, nami siwezi kujificha nyuma ya ile ya kwanza. Karo ilikuwa ahadi. Dada yangu alinikabidhi mtoto wake, nami nikasema ndiyo. Tiketi zetu za siku moja, wakubwa wawili na mtoto mmoja, zingetosha karo ya muhula mzima. Nilikuwa najua hivyo nilipozinunua. Nilijiambia kwamba shule itangoja, na watoto hawangoji kukua. Shule ilingoja, lakini mwenye kungoja hasa alikuwa mpwa wangu. Karo ilifika wiki tatu baadaye, na baadaye sana ndipo aliponieleza kwamba katika wiki hizo alikuwa akienda darasani kwa njia ya nyuma ya jiko, ili asikutane na mhasibu. Wanafunzi wa zamani wa umri wangu wanaijua njia hiyo. Mimi nilipita humo mihula miwili mizima, mwaka mazao ya baba yalipokufa. Niliapa kwamba mtoto wa kwetu hatapita humo tena.

Wako watakaosema kwamba mtu wa ng'ambo akingoja kila karo ya ukoo ilipwe, watoto wake watazeeka bila kuona hata pembea. Nawaelewa, maana maombi kutoka nyumbani hayaishi. Mimi sisemi ulipe kila kitu cha kila mtu. Nasema ulipe ulichokiahidi. Asiyeahidi hana deni, na aliyeahidi asinunue tiketi kabla ya kutimiza. Kama ahadi zimekuwa nyingi kupita nguvu, basi piga simu useme mapema, "Muhula huu sitaweza." Neno hilo ni chungu, lakini mwanafunzi atapata nafasi ya kwenda kwa mhasibu na kueleza kwa mdomo wake. Kukaa kimya na kupeleka picha ndiyo dhuluma.

Kwa hiyo nyumbani kwetu sasa pana daftari. Mke wangu ndiye anayelishika, maana mimi sikuaminika. Ukurasa wa kwanza ni ahadi: karo ya mpwa na dawa za mama. Ukurasa wa pili ni nauli ya kuja nyumbani, watu wanne, na kila mwezi tunaweka kitu humo hata kikiwa kidogo. Ukurasa wa tatu ni wa watoto: bustani ya karibu, maji ya kuchezea, siku moja ya kuvuka ziwa kwa meli. Florida imo pia, ukurasa wa nne, na mbele yake mke wangu ameandika "akifika sentimita 112." Sikuifuta safari hiyo. Mtoto ana haki ya kucheza, na mzazi ana haki ya kucheza naye badala ya kuketi benchini. Lakini kila ukurasa ungoje ule uliotangulia.

Nawaomba wasomaji wanaopinga waandike. Huenda wako wazazi waliokwenda na watoto wachanga wakarudi wakiwa na furaha tupu, nami nitapenda kujua walifanyaje.

Na wewe, mpwa wangu, uliuliza umjibuje mhasibu. Karo ya muhula ujao imekwisha pelekwa, na stakabadhi anayo mama yako. Pita njia kubwa ya mbele, umwamkie.

Mimi,
Mwanafunzi wa zamani,
Atlanta.